Wizi wa Nyaya na Mwana wa Shaba

 

Maudhui yetu ya leo ni kamusi. Sitaizungumza kamusi kwa jumla, maana hiyo ni habari ndefu isiyotosha kipindi kimoja. Nitashika jambo moja tu katika matumizi yake, nalo ni hili: mtu aliyefungua kamusi ya lugha mbili, akalikuta neno alilokuwa akilitafuta, na mbele ya neno hilo akaona maana tatu, au tano, au saba, zimepangwa safu moja kama askari, atajuaje iliyo yake? Narudia swali hilo, kwa kuwa ndilo tutakaloliandama jioni hii: kati ya maana nyingi, atajuaje iliyo yake?

Tuseme kijana wa sekondari amepewa na mwalimu wake kichwa cha habari cha gazeti, maneno matano mafupi ya Kifaransa, akaambiwa akitie katika Kiswahili. Kichwa chenyewe ni hiki: "Vol de fils de cuivre". Kijana huyu si mvivu. Anafungua kamusi na kutafuta neno baada ya neno. Chini ya "vol" anakuta, mwanzo kabisa wa safu, mruko wa ndege, kisha safari ya ndege. Chini ya "fils" anakuta mwana, mtoto wa kiume. Chini ya "cuivre" anakuta shaba. Basi anaandika kwa hati nzuri, na kupiga mstari chini yake: "Safari ya ndege ya mwana wa shaba".

Mwalimu atacheka, na darasa zima litacheka, ilhali hakuna mtu hapa Kolwezi, hata yule asiyepata kuingia darasani, asiyelijua jambo lililokusudiwa. Watu wamekata nyaya za shaba usiku wakatoweka nazo, mtaa umelala gizani, na polisi wanawatafuta. Ni wizi wa nyaya, basi.

Je, kijana amekosea wapi? Kamusi haikumdanganya. "Vol" ni mruko wa ndege kweli, nayo ni wizi kweli. "Fils" ni mwana kweli, nayo ni wingi wa "fil", yaani uzi au waya, kweli. Tena masikio yangemsaidia pale ambapo macho yalimtupa, maana Mfaransa akisema mwana hutamka "fis", na akisema nyaya hutamka "fil", lakini katika karatasi herufi ni zile zile nne, bila alama ya kuzitenga. Kamusi ya lugha mbili ni mfano wa duka la dawa: kila chupa iliyo rafuni ni dawa ya kweli, na mtu aliyeingia akiumwa na jino, akatoka na dawa ya macho, hana haki ya kumshitaki mwenye duka.

Kosa la kijana, kwa maoni yangu, ni mpango wake wa kazi. Alianza na neno la kwanza kwa sababu lilikuwa la kwanza, akachukua maana ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza, kana kwamba waliotunga kamusi walijua yeye atakuja kutafuta nini, wakamwekea mbele. Waliotunga kamusi hawakumjua. Mpango wao wa kupanga maana hutofautiana: wako wanaotanguliza maana iliyo kongwe zaidi katika historia ya neno, na wako wanaotanguliza ile inayotumika zaidi siku hizi, na maelezo ya mpango huo huandikwa katika dibaji ya kitabu, kurasa ambazo aghalabu hakuna azisomaye.

Lau angalianza na neno lililo imara kuliko yote! Katika yale matano, neno imara ni "cuivre", kwa sababu maana yake ya kila siku ni moja, ni shaba, na kila mtu wa mkoa wetu wa Lualaba anaijua. Sasa lichukue neno hilo ulivute nalo lile lililo jirani yake: je, katika dunia hii kuna mwana wa shaba? Hakuna, ila katika hadithi. Kuna waya wa shaba? Upo, tena juu ya kila mtaa. Basi "fils" ni nyaya. Sasa nyaya zikuvutie neno la kwanza: je, nyaya husafiri kwa ndege, au huibwa? Jibu mnalijua. Angalieni basi kwamba maana imepatikana kwa kusoma kutoka nyuma kwenda mbele, na kwamba kila neno lililokwisha kujulikana limekuwa shahidi wa lile lisilojulikana. Kamusi huleta mashahidi. Hukumu hutolewa na sentensi nzima. Nasema tena, wasikilizaji: hukumu hutolewa na sentensi nzima.

Nimesema shaba ni neno imara, na ni imara ukitoka Kifaransa kuja kwetu. Ukiligeuza, ukatoka Kiswahili kwenda Kifaransa, lina hila yake. Tumelizoea mno neno hili. Mkoa wetu wa zamani wa Katanga uliitwa Shaba katika zama za Mobutu mpaka mwaka 1997, na jina hilo likaingia katika mihuri, katika bendera za timu na katika vyeti vya kuzaliwa. Lakini kamusi zilizotungwa kwa Kiswahili cha pwani huandika mbele ya shaba maneno matatu: "cuivre", na "laiton", na "bronze". Sababu yake si ngumu kuitambua. Shaba iliwafikia watu wa pwani ikiwa imekwisha kuwa sinia, buli, birika, na misumari mikubwa ya milango ya nakshi, na mwenye nyumba wa Unguja hakuwa na haja ya kuuliza kama sinia lake ni shaba safi au ni shaba iliyochanganywa na zinki. Hapa kwetu haja hiyo ipo. Katika kiwanda cha Luilu, ambako shaba husafishwa kwa nguvu ya umeme hata ikatoka katika mabamba mekundu, hakuna mtu awezaye kuiita "laiton" akabaki na heshima yake, maana "laiton" ni shaba na zinki, na "bronze" ni shaba na bati, na bei zake sokoni ni mbalimbali. Mtu aandikaye barua ya biashara kutoka Kolwezi, akachukua neno la katikati kwa kuwa limempendeza, ameahidi mali asiyokuwa nayo.

Yako pia mambo madogo madogo ambayo msomaji mwenye haraka huyaruka, nayo ndiyo yenye msaada mkubwa. Mbele ya kila jina la Kifaransa kamusi huweka moja ya herufi mbili ndogo, "m" au "f", kuonyesha kama jina hilo ni la jinsi ya kiume au ya kike. Sisi ambao lugha yetu haigawi vitu namna hiyo tunaziona herufi hizo kama vumbi la ukurasa. Lakini "la poste" ni posta tunakopeleka barua, na "le poste" ni kituo, au cheo cha kazi, au zamu ya kazi, kama wasemavyo wafanyakazi wa migodini, "poste de nuit", zamu ya usiku. Vivyo hivyo "le livre" ni kitabu, na "la livre" ni ratili, ama ya kupimia uzito au ya fedha. Mama akisoma kwamba mumewe amehamishiwa "au poste de nuit", akaelewa amehamishiwa posta ya usiku, atajiuliza ni barua gani hizo zisizoweza kungoja kuche.

Na mara nyingine maneno mawili yasiyo na undugu wowote yamekutana katika umbo moja, na hapo kamusi nzuri huyaweka katika vichwa viwili mbalimbali, kimoja chini ya kingine. Neno "carrière" ni la namna hiyo. Moja ni maisha ya mtu katika kazi yake, tangu kuajiriwa hata kustaafu. Jingine ni machimbo. Wachimbaji wetu wakisema wanakwenda "carrière" wanakusudia la pili, nao hawana habari ya la kwanza, ingawa wengine wamekwisha kumaliza huko miaka yao yote ya nguvu. Anayesoma kichwa kimoja na kufunga kitabu hajui kama chini ya kidole chake kulikuwa na cha pili. Hali kadhalika "avocat": kichwa kimoja ni wakili anayekutetea mahakamani, kichwa kingine ni tunda la kula na chumvi.

Nalo neno lililo karibu nasi kuliko yote, "mine"? Mgodi, bila shaka. Lakini angalia yanayofuata. "Mine" ni bomu linalozikwa ardhini. "Mine" ni kile kiini cheusi cha penseli kinachoandika. Na "mine", kwa neno jingine lisilo na uhusiano na mgodi, ni wajihi, sura ya mtu. Rafiki yako akikuambia asubuhi, "Tu as bonne mine", hakusifu kwa kumiliki mgodi mzuri. Anasema uso wako unaonyesha afya. Na vijana wetu ambao siku hizi wanajifunza Kiingereza, kwa kutumaini kazi katika makampuni ya kigeni yaliyojaa katika mkoa huu, watalikuta neno lile lile kwa herufi zile zile, likiwa na maana ya mgodi, na likiwa pia na maana ya "yangu". Nani katika Lualaba mwenye haki ya kutamka maana hizo mbili kwa pumzi moja ni swali zuri, ila si la kipindi hiki.

Wala msidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Waingereza wajifunzao Kihispania huteseka vivyo hivyo: neno "muñeca" katika lugha hiyo ni kifundo cha mkono, nalo ni mwanasesere, na mganga akiandika kwamba mgonjwa amevunjika "muñeca", mfasiri asiyetazama atampeleka kwa fundi wa vichezeo.

Mpaka hapa tumecheka. Sasa natamani tuingie mahali ambapo kicheko hakitoshi.

Kwa Katiba ya mwaka 2006, lugha rasmi ya nchi yetu ni Kifaransa, na Kiswahili ni moja katika lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Maana yake, kwa mtu wa kijijini, ni kwamba sheria inayomhusu hufika ikiwa katika Kifaransa, au Kizungu kama tusemavyo hapa, na lazima pawe na mtu katikati wa kuitarjumu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa kila kampuni ya mgodi wajibu wa kuandikiana na jamii za wenyeji hati iitwayo "cahier des charges". Nilipata kuhudhuria mkutano wa hati kama hiyo katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Mtarjumani alikuwa kijana mwenye ulimi mwepesi na Kifaransa kizuri. Alipofika kwenye jina la hati, hakusita. "Cahier" ni daftari, "charges" ni mizigo, akawatangazia wazee kwamba kampuni imeleta Daftari la Mizigo. Wazee wakanyamaza. Kisha mmoja wao, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, akainua mkono akauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, mizigo hiyo ataibeba nani?"

Watu walicheka, na kijana akaona haya, lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Aliuliza swali ambalo kila mtu aliyeambiwa habari ya mizigo angeuliza. Na jibu lake, lau hati ingalitarjumiwa sawa, ndilo kiini cha hati yenyewe, kwa kuwa "charges" hapa ni wajibu: mambo ambayo kampuni imejifunga kuyatenda kwa ajili ya wenyeji, kama vile shule, visima, barabara, zahanati, kwa muda uliotajwa. Wajibu huo uko juu ya kampuni, wala si mzigo wa kijiji.

Fungueni kamusi kubwa chini ya "charge" muone safari iliyomo. Mzigo. Shehena. Gharama. Wajibu. Cheo alichokabidhiwa mtu. Shitaka analotupiwa mshitakiwa. Shambulio la askari wapandao farasi. Nguvu ya umeme iliyotiwa katika betri. Kiasi cha baruti kilichotiwa katika tundu la mwamba ili kuulipua. Neno moja! Na zaidi ya yote hayo, wasikilizaji, kamusi iliyo kamili huwa na fungu dogo, aghalabu mwisho wa maelezo au chini ya neno la kwanza, ambamo yameandikwa maneno yanayokwenda pamoja. Na "cahier des charges" limo humo, kama kitu kimoja, na tafsiri yake moja. Kijana yule hakulitafuta huko, kwa kuwa alidhani maneno matatu ni vitu vitatu. Hili nataka mlishike: maneno yaliyooana hutafutwa pamoja. Ukiyatenganisha umeyaachisha, nayo hayatakupa tena habari za nyumbani kwao.

Katika sheria hiyo hiyo mna jambo jingine la namna hii, na thamani yake ni fedha. Imeandikwa kwamba kampuni itatenga, kwa maendeleo ya jamii, kiasi kisichopungua asilimia 0.3 ya "chiffre d'affaires" yake. "Chiffre" ni tarakimu. "Affaires" ni mambo, au shughuli. Tarakimu ya mambo haina maana yoyote, na kwa hiyo mfasiri anayeona maneno hayajakaa sawa hukimbilia neno la biashara analolijua, akasema "faida". Hapo kosa limekwisha kuwa hasara. Faida ni kile kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa, nayo yaweza kuwa kubwa mwaka huu na kutoweka mwaka ujao, tena mwenye kuihesabu ni kampuni yenyewe. "Chiffre d'affaires" ni jumla ya mauzo yote, kabla ya kutoa gharama. Kampuni iliyouza shaba na kobalti mwaka mzima, kisha ikasema haikupata faida hata kidogo, bado inawiwa asilimia ile. Kijiji kilichoambiwa "faida" kitaambiwa mwishoni mwa mwaka kwamba faida haikuwapo, nacho kitarudi nyumbani kimya, kikidhani ndivyo sheria isemavyo.

Mtaniuliza: je, hakuna njia ya kujipima kabla ya kusimama mbele ya watu? Iko njia moja ya zamani, nayo ni kuligeuza neno. Umetoka Kifaransa ukapata neno la Kiswahili. Sasa fungua upande wa pili wa kamusi, litafute neno hilo la Kiswahili, uone kama linakurudisha ulikotoka. Daftari la mizigo, likigeuzwa, litakupa daftari la mashehena na masanduku, nawe utajua mara moja kwamba umepotea njia. Faida ikigeuzwa itakupa "bénéfice", wala si "chiffre d'affaires". Njia hii ni nzuri, nami naisifu.

Lakini sitaisifu kupita kiasi, maana iko siku itakuapia uongo. Chukueni neno "puits". Kamusi itakuambia kisima. Kigeuze kisima, nacho kitakurudisha "puits" bila taabu, ukaridhika. Sasa fikirini tangazo la hadhari katika machimbo, linalosema kwamba ni marufuku kuteremka katika "puits" baada ya mvua kubwa, likaandikwa kwa Kiswahili kwamba ni marufuku kuteremka katika kisima. Mchimbaji wa mtaa wetu wa Kasulo atalisoma, atasema moyoni kwamba yeye hana safari ya kisimani, naye atashuka shimoni mwake na tochi yake kichwani, katika udongo uliolowa, akiwa ametii tangazo neno kwa neno. Kwake yeye "puits" ni shimo alilolichimba wima kwa mikono yake kuitafuta kobalti, na ujia uendao kando kutoka chini ya shimo hilo ni "galerie", ambalo nalo kamusi ndogo hulifasiri kuwa ukumbi wa kuonyeshea picha. Neno limejipima likaonekana sahihi, na bado limemwacha mtu katika hatari. Kwa nini? Kwa sababu kamusi iliandikwa na watu wa kisimani, wala hawakupata kuteremka shimoni.

Kwa hiyo, baada ya sentensi, na baada ya kuligeuza neno, lipo baraza la tatu la rufani, nalo ni mtu wa kazi yenyewe. Ukitarjumu habari za mgodi, muulize mchimbaji. Habari za uzazi, muulize mkunga. Habari za mahakama, muulize karani. Usimwulize, "Neno hili maana yake nini?", kwa kuwa atakujibu kwa kukuheshimu na si kwa kukufundisha. Mwulize, "Kitu hiki, ninyi mnakiitaje mkiwa kazini?" Jibu lake pengine halimo katika kamusi yoyote iliyopigwa chapa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye taabu iliyo yetu hasa, sisi wa Kolwezi. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ya padri Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo, ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na mwaka huo huo Waingereza wakatoa kamusi ya Frederick Johnson. Kolwezi wakati huo ulikuwa mji wa umri wa miaka miwili, uliojengwa na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya migodi ya magharibi. Wazee wetu waliokuja kwenye kambi za kampuni kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia, walikuwa wakikifinyanga Kiswahili kingine, na padri mwema yule, pamoja na elimu yake yote ya lahaja za pwani, hakuwapo kuyaandika maneno yao.

Basi mtoto wetu alitafutapo "mukanda", ambao kwetu ni barua au karatasi za mtu, atakuta mkanda, na mbele yake "ceinture", kitu cha kufungia kiuno. Akitafuta "munganga", ambaye kwetu ni yule wa hospitali mwenye koti jeupe, atakuta mganga, na mbele yake maneno ya dawa za miti na ramli. Akitafuta "masomo", ambako kwetu watoto huenda kila asubuhi, hatakuta nyumba ya shule humo. Na "kutosha"? Kwa watu wa pwani ni kutimia, kuwa kiasi kinachohitajiwa. Kwetu sisi ni kuondoa, kukitoa kitu mahali kilipo. Madereva wa Tanzania wanaopokea shaba yetu na kuipitisha Kasumbalesa hadi bandari ya Dar es Salaam wanalijua neno hili kwa uchungu, kwa maana mpakiaji wa Kolwezi akipiga kelele "Tosha ile mufuko!" anaagiza mfuko uondolewe, na dereva wa pwani, akisikia kwamba mfuko umetosha, huanza kufunga turubai. Na polisi wa barabarani akimwomba "mukanda", dereva mtiifu ataukamata ule mkanda wa usalama ulio kifuani pake, auonyeshe kwa fahari.

Wako wanaosema kwamba Kiswahili chetu ni kibovu, na kwamba kosa ni la msemaji kila aachanapo na kamusi. Mimi sikubaliani nao. Neno linaloelewana kati ya watu wa mji mzima, linalotumika kazini, kanisani na sokoni kwa miaka zaidi ya themanini, ni neno, na kamusi isiyokuwa nalo imepungukiwa nalo. Lakini pia sikubaliani na yule anayeitupa kamusi kwa sababu hiyo. Mwanafunzi aandike juu ya ukurasa wake, kwa penseli, kando ya "mkanda": "kwetu ni barua". Kisha atakapoandika barua ya kwenda Dodoma au Mombasa atajua achague lipi, na atakapotarjumu kwa ajili ya bibi yake atajua achague lipi, naye atakuwa na lugha mbili mahali ambapo wenziwe wana nusu moja.

Kuhusu programu za simu zinazotarjumu kwa kugusa kioo, nitasema kidogo tu. Zina haraka, na zina manufaa kwa mtu aliye safarini. Lakini huchagua kwa kufuata yaliyoandikwa mara nyingi mahali pengi, na mambo ya Kasulo hayajaandikwa mara nyingi mahali popote.

Namalizia kwa ombi, na ombi langu ni kwa watu wa aina mbili. Ninyi machifu na wazee wa vijiji vilivyo jirani na migodi: hati ikiletwa kwenu, msitie sahihi wala kidole siku ile ile iliyosomwa. Ombeni nakala ibaki kijijini, na muwatafute watu wawili, kila mmoja aitarjumu peke yake, kisha muwakalishe pamoja muwaulize pale wasipoafikiana. Na popote mtakaposikia neno "faida", ulizeni kama katika Kifaransa limeandikwa "bénéfice" au limeandikwa "chiffre d'affaires". Nanyi walimu wa sekondari: wapeni vijana kazi ya likizo, waende kwa baba zao na wajomba zao wakaandike majina ya vifaa, ya udongo, ya mawe na ya zamu, kama yanavyotamkwa kazini, pamoja na Kifaransa chake, na daftari hizo mzihifadhi shuleni. Wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines wanayo maneno hayo vichwani, nao wanazidi kupungua.